Kwa Miguu hadi Bisil, Bila Kusalimia

Mmeniuliza mmoja mmoja, kwa simu na kwa jumbe za sauti ambazo nyingine ni ndefu kuliko safari yenyewe, kwamba kwani huko njia ya Bisil kulitokea nini. Nimechoka kueleza vipande. Kila nikieleza nasahau jambo, halafu nalala nikilirekebisha kichwani. Kwa hivyo naandika mara moja, mwanzo hadi mwisho, na mkishasoma mniache nipumzike.

Kwa wale walioingizwa kwenye kundi letu juzi: mimi ndiye Wambui wa kuhariri video za harusi. Kazi nilijifundisha mwenyewe, kwenye simu, nikimtazama mtu akieleza kwa lugha nisiyoijua. Mimi ndiye yule ambaye maharusi wake hupata mtoto kabla hawajapata video, kwa sababu siwezi kuiachilia mpaka kila kitu kikae sawa, na hakuna kinachokaa sawa.

Kitengela, uwanja wa mbao

Yote yalianza na ile jioni ya filamu ambayo nyinyi mlikataa kuja kwa sababu ya baridi. Mlikuwa sahihi kuhusu baridi. Zilionyeshwa kwenye uwanja wa muuza mbao, shuka kubwa jeupe limetandazwa ukutani, sisi tumekaa juu ya mbao. Zote zilikuwa filamu za watu wanaojitesa nje kwa hiari yao. Kulikuwa na mtu anayepanda mwamba kwa vidole. Upepo wetu wa Kitengela ukaingia nyuma ya shuka, uso wake ukavimba kama puto, watu wakaangua kicheko wakati yeye anakaribia kufa. Kulikuwa na mzee anayevuka jangwa kwa baiskeli, na jenereta ikazima palepale alipokuwa akitafuta maji. Ilipowaka tena alikuwa nyumbani kwake anakunywa kahawa. Mpaka leo sijui aliyapata wapi hayo maji na jambo hilo linanisumbua.

Ya mwisho ilikuwa ya mwanamke anayetembea peke yake kwenye pwani ya nchi ya baridi. Hasemi. Unasikia viatu vyake tu, na pumzi. Anatembea, jua linatua, anatembea tena, na mwishoni anafika mahali ambapo nchi imekwisha, anakaa chini, basi. Nililia. Sikulia vizuri kama watu wa kwenye filamu. Nililia na makamasi. Nililia kwa sababu kwenye kompyuta yangu kuna filamu fupi nilizoanza mwenyewe, si za harusi ya mtu, na hakuna hata moja niliyoimaliza. Huyu mwanamke alianza kitu akakimaliza kwa miguu tu.

Kisha kijana aliyeandaa jioni hiyo, mwenye kofia ya sufu, akasimama na kusema kwamba jioni ijayo wataonyesha filamu fupi za watu wa hapa kwetu, kwa sharti moja: iwe safari uliyoifanya kwa nguvu za mwili wako, bila injini.

"Si lazima iwe nzuri," alisema. "Lazima iwe imekwisha."

Watu walicheka. Mimi nilihisi kama kuna mtu amenisemea kwake.

Nikaamua palepale. Ningetembea kutoka Kitengela hadi Bisil, kwa Tata Nyambura, dada ya mama, ambaye duka lake linatazamana na soko la mifugo. Ningefika siku ya soko. Filamu yote isingekuwa na neno hata moja: viatu, pumzi, tambarare, na mwishoni mimi nikitokea kwenye vumbi la ng'ombe, kimya. Nilijiapia kwamba nikishindwa na hii pia, nitaacha kujidanganya, nibaki na harusi za watu.

Mama nilipomwambia aliacha kumenya viazi.

"Kwani gari za Bisil zimeisha?"

"Mama, ni filamu."

"Filamu ya mtu aliyekosa nauli?"

Kitengela hadi Isinya

Hakuna aliyekuwa amenionya kuhusu jambo hili, kwa hivyo nawaonya nyinyi: mtu anayejirekodi peke yake hutembea safari mara mbili. Unasimamisha simu kwenye kiguu chake cha miguu mitatu kando ya barabara, unatembea kuelekea upeo wa macho kama mtu mwenye mawazo makubwa, halafu unarudi kuchukua simu. Ukiangalia ulichorekodi unakuta kuna lori, au mfuko wa nailoni umekwama kwenye kiatu chako. Unarudia. Kwa mwendo huo nilikuwa bado naona mabati ya Kitengela wakati niliopangia kuwa nimekaribia Isinya.

Tena huwezi kuwa peke yako katika hii kaunti. Watu wa bodaboda walipunguza mwendo kila mara. "Siste, kwani umekosana na nani?" Dereva wa lori la mchanga alisimama kabisa, akashuka, akaniuliza kama gari langu limeharibikia mbele au nyuma. Nilipomwambia sina gari alinipa ndizi.

Halafu akatokea Baba Ken, mzee wa kanisa letu, na pikapu yake ya chakula cha kuku.

"Wambui! Panda."

"Asante Baba Ken, natembea."

"Naona unatembea. Ndiyo nimesema panda."

Nikamweleza. Filamu, sharti, injini. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa upole, kisha akasema, "Sawa. Lakini siwezi kupita mtoto wa Mama Wambui barabarani hivi hivi." Akawasha taa za dharura na kunifuata nyuma kwa mwendo wa miguu yangu, dirisha wazi, akiongea na mama kwenye simu. "Ndiyo, yuko hapa mbele yangu. Ndiyo, amevaa sweta. Hapana, hataki." Kila nilichorekodi asubuhi ile kina kuku ishirini waliochorwa kwenye gunia wakinifuata kwa nyuma. Aliniacha tu alipopigiwa na mteja, naye alinipungia mkono kama anayeniacha hospitali.

Isinya nilifika nimekasirika kiasi cha kula sahani mbili za githeri bila kuonja.

Isinya hadi Kajiado

Kipande hiki sina mengi ya kusema isipokuwa upepo. Upepo wa tambarare ile hauna heshima. Unaingia kwenye maikrofoni na kuunguruma, hivyo nilichodhani ni pumzi yangu ya ujasiri kinasikika kama mtu anayekunja mabati. Nilijaribu kuifunika maikrofoni kwa soksi. Ilikuwa soksi ya jana. Haikusaidia filamu wala mimi.

Kajiado mjini niliingia hotelini kwa mwanamke mmoja, Mama Hodan, ambaye watu wake walikuja kutoka Wajir zamani na ambaye, nadhani, hajawahi kumwona mtu akila bila kumsimamia. Aliniletea chapati na nyama ya mbuzi na chai ya maziwa ya ngamia, kisha akakaa mbele yangu.

"Unatoroka nani?"

"Sitoroki mtu."

"Ni mume?"

"Sina mume."

"Basi ni wazazi wanataka kukupa mume."

"Mama, natembea tu. Kwa kupenda."

Alinitazama miguuni, mahali kisigino kilikuwa kimeshaanza kulowesha kiatu, akaita jikoni waniletee maji ya moto na chumvi. "Anayetembea kwa kupenda," alisema, "hatembei na kiatu kipya." Nilikuwa nimenunua viatu hivyo kwa sababu ya rangi, ili vipendeze kwenye udongo. Niliweka miguu kwenye beseni. Chai ilikuwa tamu na nzito na niliimaliza yote, kisha nikaomba nyingine.

Kajiado kuelekea Bisil

Siku ya soko. Nikaondoka mapema, nikiwa na hasira ya watu wote walionisemesha, na nikajiambia kwamba leo hakuna tena. Leo ni kimya kama yule mwanamke wa pwani. Yeyote atakayenisemesha nikiwa narekodi, nitamwonyesha kiganja asubiri.

Mahali fulani, Bisil ikiwa bado mbali, niliona njia nyembamba ya udongo mwekundu ikiacha lami na kuelekea kilima, migunga pande zote mbili, mwanga umelala vizuri juu yake. Haikuwa njia yangu. Lakini ilikuwa nzuri. Nikasimamisha simu, nikatembea kwenye njia hiyo kuelekea kilima, nikarudi. Kivuli changu kilikuwa kibaya. Nikaenda tena, nikarudi. Vumbi likaniingia machoni, nikawa napangusa kwa mkono wa sweta. Nikaenda tena.

Hapo ndipo alipotokea mwanamume mwenye mbuzi, amevaa koti la mvua la kijani ingawa mvua tumeisahau. Alikuwa amenitazama kwa muda.

"Supa!" akanisalimu.

Nikainua kiganja.

Akasogea. "Unatoka wapi, dada?"

"Kitengela," nikanong'ona, nikitumaini angeelewa kwamba tunanong'ona.

"Na miguu?"

Nikakubali kwa kichwa.

"Kuna habari gani huko?"

Simu ilikuwa bado inarekodi na mwanga ulikuwa unaondoka. Nikaweka kidole mdomoni, nikapangusa macho, nikageuka kurudi barabarani. Nilimwona kwa nyuma akiwaacha mbuzi wake na kushika njia ile mbio. Niliona tu kwamba ameharibu upande wa kulia wa picha.

Kuanzia hapo mambo yakawa ya ajabu, na mimi, mjinga, nikayafurahia. Watu waliacha kunisemesha. Wanawake waliokuwa wakiongea chini ya kivuli walinyamaza nilipopita. Vijana wa pikipiki walipunguza mwendo, wakanitazama, wakaondoka bila utani. Hatimaye, nikajiambia, kaunti hii imeelewa sanaa.

Kwenye kibanda kimoja mwanamke aliyekuwa akikaanga mandazi aliinuka na kunipa kiti chake mwenyewe. Akanimiminia chai. Nilipotoa pesa alikataa.

"Pole, dada," alisema. "Pole sana. Mungu atakupa nguvu."

Nilidhani amekiona kisigino. "Asante," nikasema. "Kumebaki kidogo tu."

Akageuka haraka na kujifunika uso kwa leso.

Mabati ya Bisil yalipoanza kuonekana, na vumbi la soko juu yake kama nilivyolichora kichwani, pikipiki ilinipita, ikageuka, ikasimama mbele yangu. Kijana alishuka. Nikadhani anataka tupige picha. Nilijilainisha nywele, nawaambia ukweli wote.

"Wewe ndiye umetoka Kitengela na miguu?"

"Ndio mimi."

"Basi niambie mimi. Mimi ni mwanaume, nitavumilia. Ni Parsaloi?"

"Parsaloi ni nani?"

"Dada, usinifanyie hivyo."

Jina lake ni Lemayian. Ndugu yake Parsaloi alikuwa amepeleka ng'ombe Kitengela, na simu yake ilikuwa haipatikani tangu juzi. Mama yao alikuwa tayari hapati usingizi. Na leo, mwenye mbuzi akaingia bomani mbio na kusema kuna msichana ametoka Kitengela kwa miguu, amekuja mpaka kwenye njia ya boma lao, akarudi, akaja tena, akarudi, akijipangusa macho. Ameulizwa habari, amefunga mdomo.

"Kwetu watu wakikutana wanapeana habari," Lemayian alisema. "Yote. Hata kama ni ya mvua tu. Mwenye kukataa ni yule amebeba ile ya kifo, hawezi kuitoa njiani mpaka afike kwa wenyewe. Na wewe ulishindwa kufika."

"Nilikuwa narekodi."

"Unarekodi nini?"

"Mimi. Nikitembea."

"Ukienda wapi?"

"Bisil."

"Bisil iko huku. Mbona ulikuwa unaenda kwetu?"

"Njia yenu ilikuwa inapendeza."

Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote, hata na bibi harusi.

Nikamwambia ampigie mama yake amweleze. Alikuwa ameshampigia. "Amesema nimefundishwa kumficha. Anataka kusikia kwa mdomo wako." Akapiga kiti cha pikipiki kwa kiganja. "Twende."

Sasa nawaambia kitu ambacho mama yangu hajui. Nilitazama vumbi la soko. Nilitazama ile pikipiki, injini inawaka. Nikasema, "Naweza kufika kwanza, halafu turudi?"

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alizima injini, kukawa kimya, ule kimya nilioutafuta safari nzima.

"Amekaa chini nje tangu asubuhi," alisema. "Hajanywa hata maji."

Nikapanda.

Bomani kwa Yeyo

Yeyo ni mama kwa Kimaasai, na kila mtu pale alimwita hivyo, kwa hivyo nami nitamwita hivyo. Alikuwa ameketi kwenye udongo, miguu ameinyoosha, mikono mapajani. Majirani walikuwa wameshafika. Sufuria kubwa, ile ya watu wengi, ilikuwa tayari kwenye mafiga. Mwenye mbuzi alikuwepo na koti lake la kijani, macho chini.

Nilianza kabla sijashuka vizuri: "Hakuna mtu amekufa! Simjui Parsaloi!"

Na mara nikaelewa kwamba hayo ndiyo maneno ambayo mtu mwenye kuficha kifo angesema.

"Keti," Yeyo alisema.

"Yeyo, haki ya Mungu—"

"Keti. Toa habari."

"Habari gani?"

"Zako. Anza nyumbani."

Nikaketi. Nikaanza nyumbani, kwa kuwa sikujua pengine pa kuanzia. Nikasema mama yangu ni mzima. Baba mgongo unamsumbua. Mvua hakuna, tangi limekauka, ng'ombe wa jirani amezaa. Baada ya kila jambo aliitikia "ee," bila kuondoa macho kwangu. Nilipojaribu kuruka aliniita nirudi.

"Huyo wa chakula cha kuku alienda wapi?"

"Kwa mteja."

"Ee. Na huyo mama wa Kajiado, ulimshukuru?"

"Nilimshukuru."

"Ee."

Nikafika kwenye filamu. Nikamweleza kuhusu mwanamke wa pwani, jinsi anavyotembea siku nyingi peke yake, hasemi na mtu.

"Hakukutana na mtu?"

"Hakukutana."

"Siku zote hizo?"

"Alionyeshwa peke yake tu."

Yeyo akafikiri. "Na kamera ilishikwa na nani?"

Filamu ile nimeitazama kichwani usiku na mchana, kila hatua yake, na swali hilo halikuwahi kunijia, mimi ambaye nimeshika kamera kwenye harusi za nusu ya Kitengela.

"Sijui," nikasema.

Nikamaliza na ile njia nyekundu, kwenda, kurudi, kivuli, vumbi la machoni. Yeyo akawageukia wenzake.

"Huyu hajatumwa," alisema. "Mtu wa kutumwa na kifo angekuwa na akili kidogo."

Mwenye mbuzi ndiye alianza kucheka, na wengine wakafuata, kicheko cha watu waliokuwa wamejiandaa kulia. Yeyo mwenyewe hakucheka. Aliomba maji. Akayanywa yote, akaomba mengine. Hakuwa na hakika. Alijua tu kwamba mimi si habari. Alikaa palepale kwenye udongo mpaka jua lilipoinama, na mimi nikakaa naye, kwa kuwa sikuona ningeinukaje.

Simu ya Lemayian ilipolia ilikuwa namba asiyoijua. Alisikiliza, akaketi chini pia, akampa mama yake simu. Parsaloi alikuwa mzima. Simu yake ilikuwa imemponyoka kwenye birika la kunyweshea ng'ombe na hakuona haja ya kuazima ya mwenzake mpaka leo. Yeyo alimtukana kwa Kimaasai, taratibu, bila kupandisha sauti, mpaka salio la yule mwenye simu likaisha. Kisha akarudisha simu, akajifunika uso kwa shuka.

Chai ya msiba tuliinywa hivyo hivyo. Ilikuwa na maziwa mengi.

Bisil

Asubuhi Lemayian alijitolea kunirudisha kwa pikipiki mpaka palepale aliponikuta. Yeyo akakataa. Alisema anataka kwenda Bisil na atatembea na mimi, nisije nikaua mtoto wa mtu mwingine njiani.

Mkitaka kujua mateso, tembeeni na Yeyo. Kila aliyekutana naye alisimama, na kila aliyesimama alipewa habari, kamili, kuanzia Kitengela kwenye uwanja wa mbao. Mimi nilisimama kando kama kithibitisho. Wengine waliomba nionyeshe jinsi nilivyokuwa nikienda na kurudi. Nilionyesha. Yule wa mandazi alinitupia andazi la jana likanipata begani, kisha akanipa la moto. Nilikuwa nimeacha kurekodi. Kisha nikaona kwamba hata nisiporekodi hatufiki, nikawasha simu na kuishika tu mkononi, bila kiguu, bila kurudia.

Soko lilikuwa la jana. Tuliingia Bisil tukakuta nguzo, samadi, na mbwa amelala mahali ng'ombe wangu wa mwisho wa filamu walipaswa kuwa. Tata Nyambura alitoka dukani mikono kiunoni.

"Si ulisema jana?"

Nilitaka kujibu. Yeyo alikuwa ameshajichagulia kreti ya soda, akaketi, akaanza upya.

Basi, filamu nimeituma kwa yule kijana wa kofia ya sufu na wenzake. Nimesema ndani yake kwamba nilipanda pikipiki, kurudi nyuma, si kwenda mbele, na kwamba kile kipande nilikitembea tena chote kwa miguu, wao wataamua. Kimya kimo mwanzoni. Baadaye ni maneno matupu, na upepo, na picha inayoinama. Kuna mahali Yeyo anaiinamia simu na kuuliza kama kitu hiki kinasikia au kinatazama tu, na picha yote inatikisika kwa sababu nacheka. Nilikikata kipande hicho. Nikakirudisha. Nikakikata tena. Mama akaniita chakula kinapoa. Nikakirudisha, nikatuma, nikaenda kula.